Farasi Mweupe na Geti Lililosahauliwa

Kuna siku miguu yangu iliacha kugusa ardhi nikiwa nimesimama. Ilikuwa nje ya uwanja mmoja hapa kwetu, siku ya mechi kubwa, jua la saa tisa linachoma. Geti lililokuwa wazi lilikuwa moja, na nyuma yetu watu walizidi kushuka kwenye daladala na kusukuma. Kitambulisho changu cha uandishi kilikuwa shingoni, lakini pale hakikuwa na maana yoyote. Mzee mmoja aliyebanwa pembeni yangu akaniambia, "Mwanangu, kunja mikono mbele ya kifua, usiishushe. Na kama kuna kitu kimekudondoka, kiache hukohuko." Nikakunja. Baadaye geti likaachia, tukamwagikia ndani kama mchele kutoka kwenye gunia lililochanika.

Usiku ule niliandika habari ya mechi. Niliandika goli, niliandika kadi nyekundu, niliandika shangwe za jukwaani. Geti sikuliandika. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo nikajiambia hakuna habari.

Nimeikumbuka siku hiyo juzi nilipokuwa nasoma tena kisa cha fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1923, ile ambayo Waingereza wanaiita Fainali ya Farasi Mweupe. Ni kisa kitamu sana kusimulia, na nadhani utamu wake ndio tatizo.

Tuanze na kombe lenyewe. Kombe la FA lilianza msimu wa 1871/72, na ndilo kongwe kuliko mashindano yote ya soka ya kitaifa ya mtoano duniani. Kanuni yake hata mtoto wa chandimu anaijua: ukifungwa umetoka. Hakuna kusema tutajirekebisha wiki ijayo kama kwenye ligi. Fainali ya kwanza ilichezwa Kennington Oval, London, tarehe 16 Machi 1872. Wanderers waliwafunga Royal Engineers bao 1-0 mbele ya watu kama 2,000 hivi. Watu 2,000! Leo hata ndondo cup ya mtaani inaweza kuwazidi.

Miaka 50 baadaye mambo yalikuwa mengine kabisa. Mpira ulikuwa umetoka mikononi mwa vijana wa shule za matajiri na kuingia kwa watu wa viwandani, bandarini na migodini. Reli ilikuwa inafika kila mji, na Jumamosi mchana wafanyakazi walikuwa huru. Fainali ikawa safari ya mwaka: watu wa kaskazini wanapanda treni alfajiri, wanashuka London na mabango, vyakula vyao na kelele zao, halafu usiku wanarudi makwao wakiwa wameshinda au wamenuna.

Mwaka 1923 fainali ilipelekwa kwenye uwanja mpya kabisa, Wembley, kaskazini magharibi mwa London. Jina lake rasmi lilikuwa Empire Stadium, yaani Uwanja wa Himaya, na jina hilo linatugusa hata sisi. Ulijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Himaya ya Uingereza, yaliyofunguliwa pale Wembley tarehe 23 Aprili 1924. Kwenye maonyesho hayo palikuwa na jengo la Afrika Mashariki, ambamo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilipangwa na bidhaa zake ili Mwingereza aje aone mali yake. Kwa hiyo uwanja ambao vizazi vya mashabiki wa Dar na Mombasa wamekua wakiutaja kwa heshima ulianza maisha yake kama ukumbi wa kututangaza sisi kuwa ni milki ya mtu.

Uwanja ulijengwa kwa siku 300 na kugharimu pauni 750,000. Ulikamilika siku nne tu kabla ya fainali. Kuujaribu, waliingiza kundi la watu wakaamriwa wapige miguu na kurukaruka jukwaani ili kuona kama zege litahimili. Zege lilihimili. Walichokipima kilikuwa zege. Jinsi watu watakavyoingia, na nani atawaambia wasimame wakizidi, hakuna aliyekipima.

Uwezo wa uwanja ulikuwa watu takriban 125,000. Chama cha Soka, FA, hakikuwa na wasiwasi wa kujaza kupita kiasi. Wasiwasi wao ulikuwa kinyume chake, kwamba hautajaa, kwa sababu fainali tatu zilizotangulia, zilizochezwa Stamford Bridge, hazikuujaza uwanja. Wakatangaza sana mechi. Tiketi za baadhi ya viti ziliuzwa mapema, lakini sehemu kubwa ya uwanja iliachwa kwa yeyote atakayefika getini na hela yake mkononi. Ukifika unalipa, unaingia.

Sasa angalia yaliyokutana siku ile, tarehe 28 Aprili 1923. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, jambo la kushukuriwa kule kwao. Usafiri wa treni kufika Wembley ulikuwa rahisi. Uwanja ulikuwa mpya na kila mtu alitaka kuuona. Na mojawapo ya timu zilizofika fainali ilikuwa ya hapohapo London: West Ham United, watoto wa mashariki ya mji, eneo la bandari na viwanda vya kuunda meli, waliokuwa bado daraja la pili. Wapinzani wao walikuwa Bolton Wanderers, timu ya mji wa viwanda vya pamba, iliyokuwa imeshafika fainali mara mbili, 1894 na 1904, ikapoteza zote.

Mageti yalifunguliwa saa tano na nusu asubuhi. Kufikia saa nane kasorobo mchana yakafungwa, uwanja umejaa. Taarifa zikatumwa kwenye vituo vya treni kwamba basi, imetosha. Lakini treni zilikuwa njiani, na walioshuka hawakuona sababu ya kurudi nyumbani. Wakapanda kuta. Wakavunja vizuizi. Waliokuwa mbele ndani ya uwanja wakasukumwa na waliokuwa nyuma, na kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda isipokuwa mbele, wakamwagikia kwenye nyasi.

Idadi rasmi ya waliolipa ni 126,047. Walioingia kweli hakuna aliyewahesabu. Makadirio mengi yanavuka 200,000. Basi la Bolton lilikwama kwenye umati, wachezaji wakalazimika kushuka na kupenya kwa miguu hadi uwanjani. Mfalme George V alipofika, hapakuwa na uwanja wa kuutazama. Palikuwa na kofia tu, maelfu kwa maelfu, kutoka goli hadi goli. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, umati ukaimba. Wakamaliza kuimba, wakabaki palepale.

Hapo ndipo anapoingia farasi.

Askari George Scorey hakuwa amepangiwa kazi Wembley siku ile. Aliitwa kwa dharura pamoja na askari wengine wapanda farasi. Farasi wake aliitwa Billy. Kwa rangi alikuwa wa kijivu, lakini kwenye filamu za habari za wakati ule, zisizo na rangi, alionekana mweupe pepepe katikati ya bahari ya makoti meusi. Scorey alimwingiza katikati ya watu taratibu, akawaambia washikane mikono na warudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka mstari wa pembeni uonekane. Billy alikuwa akisukuma kwa pua na kifua, bila kumkanyaga mtu. Palikuwa na farasi wengine wengi wakifanya kazi hiyohiyo. Lakini hao walikuwa na rangi nyeusi na za kahawia, na kamera haikuwa na habari nao.

Mpira ulianza dakika 45 baada ya muda uliopangwa, na watu walikuwa wamesimama kwenye mistari kabisa, kama ukuta wa nyama kuuzunguka uwanja. Dakika ya pili tu, Jack Tresadern wa West Ham alirusha mpira, akajikuta amenaswa kwenye umati, hawezi kurudi uwanjani. Bolton wakaunyang'anya, David Jack akapiga shuti likampita kipa Ted Hufton. Nyuma ya nyavu watu walikuwa wamebanana hadi mpira ukampiga mtazamaji mmoja aliyeegemea wavu, akaanguka. 1-0. Baada ya dakika kama 11 za mchezo, umati ukamwagikia tena ndani na mechi ikasimama. Watu wa Msalaba Mwekundu wakaingia kuhudumia walioumia, farasi wakarudi kazini.

Mapumziko yalipofika, wachezaji walibaki uwanjani, maana njia ya kwenda vyumbani haikuwepo. Dakika ya 53 Jack Smith akaifungia Bolton la pili. West Ham wakalalamika kwamba mpira uligonga nguzo ukarudi, haukuvuka mstari. Wakalalamika pia kwamba katika kuutengeneza, shabiki mmoja pembeni aliurudisha mpira mchezoni kwa mguu wake. Refa D. H. Asson akasema hapana: mpira uliingia, ukagonga mtazamaji ndani ya goli, ukarudi. Goli ni goli.

Inasimuliwa kwamba nahodha wa West Ham, George Kay, alimwomba refa avunje mechi, na mwenzake wa Bolton, Joe Smith, akajibu kwamba wao hawana shida, watacheza hata mpaka giza liingie. Unamwelewa kabisa, nani anaomba mechi ivunjwe akiwa anaongoza? Ikaisha 2-0. Bolton wakapata kombe lao la kwanza. Mkufunzi wa West Ham, Charlie Paynter, akaulaumu ule uwanja uliochimbwa na kwato, maana timu yake ilitegemea mbio za mawinga wake. Ni kama farasi yuleyule aliyeokoa mechi ndiye aliyewafunga.

Mamia ya watu walitibiwa majeraha. Hakuna aliyekufa.

Hakuna aliyekufa. Mimi mwenyewe nilishayasema maneno hayo usiku ule, nikiwa na kitambulisho changu shingoni, na najua yanachofanya kichwani mwa mwandishi.

Kesho yake England ilikuwa na shujaa. Bungeni polisi wakasifiwa. FA ikampa Scorey tiketi za fainali zilizofuata, na inasemekana hakwenda, kwa sababu mpira haukuwa kitu chake. Hata Wembley mpya ilipojengwa karne hii, wananchi walipigia kura jina la daraja la waenda kwa miguu karibu na uwanja, na likashinda jina la Farasi Mweupe. Sina ubaya na Billy wala bwana wake. Walifanya kazi yao kwa upole uliookoa maisha. Ninachouliza ni kwa nini, katika kisa chenye watu laki mbili, tumemkumbuka farasi, na tumewasahau waliokaa mezani wakaamua kwamba fainali ya nchi nzima haihitaji tiketi za kununuliwa mapema.

Nadhani jibu ni la kihadithi. Sisi tunaopenda fasihi tunajua: hadithi inataka sura moja. Umati hauna sura, na uamuzi wa kikao hauna sura. Farasi mweupe anayo, tena nzuri. Ukishampata, kila kitu kinapangika chenyewe: palikuwa na vurugu, akaja mkombozi, mechi ikachezwa, mfalme akaona. Hadithi ikishaisha vizuri, nani anauliza tena ilianzaje?

Tuwe waadilifu: kuna waliouliza. FA ilirudisha sehemu ya mapato kwa waliokuwa na tiketi na hawakuvifikia viti vyao, na kuanzia 1924 fainali ikawa ya tiketi za mapema tu. Serikali nayo iliunda kamati chini ya Edward Shortt, ikatoa ripoti mwaka 1924. Kamati ilishauri, pamoja na mengine, kwamba ndani ya uwanja awepo mtu mmoja mwenye dhamana inayojulikana. Lakini FA yenyewe haikutoa ushirikiano kwa kamati hiyo, na mwishoni usalama wa viwanja ukaachwa mikononi mwa wenye mpira. Fainali ikapata tiketi zake, viwanja vingine vikaendelea kama kawaida.

Halafu ikaja 1946. Tarehe 9 Machi, robo fainali ya Kombe la FA, mechi ya marudiano, Bolton Wanderers na Stoke City. Ndiyo, Bolton haohao, safari hii nyumbani kwao Burnden Park. Vita vimeisha, watu wana njaa ya mpira, na Stanley Matthews yupo upande wa Stoke. Inakadiriwa watu 85,000 walijazana. Milango ikafungwa. Baba mmoja, akitaka kumtoa mwanawe kwenye msongamano, akafungua geti lililokuwa na kufuli ili watoke. Waliokuwa nje wakaingia kwa geti hilohilo. Vizuizi vya jukwaani vikakatika. Watu 33 wakafa. Maiti zikalazwa kando ya uwanja, mstari mpya wa pembeni ukachorwa kwa unga wa mbao, na mechi ikaendelea mpaka mwisho. 0-0. Bolton wakasonga mbele, maana mechi ya kwanza walishinda.

Ukilinganisha siku hizo mbili, tofauti ni ndogo mno. Mji uleule wa mashabiki, kombe lilelile, umati unaosukuma kutoka nyuma, walio mbele wasio na pa kwenda. Wembley, walio mbele walikuwa na nyasi za kukimbilia. Burnden Park wengine walikuwa na vizuizi. Kilichowaokoa wa 1923, kwa maoni yangu, kilikuwa ule uwazi wa uwanja kabla ya farasi kufika.

Na tarehe 15 Aprili 1989, Hillsborough, Sheffield, nusu fainali ya kombe hilohilo, Liverpool na Nottingham Forest, uwazi huo haukuwepo kabisa. Mbele ya jukwaa palikuwa na uzio wa vyuma, uliowekwa ili watu wasiingie uwanjani. Polisi walifungua geti la kutokea ili kupunguza msongamano wa nje, bila kuwaelekeza watu waende wapi, wakaingia kwenye vizimba vya katikati vilivyokuwa vimejaa tayari. Idadi ya waliopoteza maisha imefikia 97. Safari hii hapakuwa na farasi mweupe wa kufunga hadithi, hivyo ikatafutwa sura nyingine: shabiki mlevi. Polisi walisema hivyo, gazeti likachapa hivyo, na familia zikatumia miaka 27 kuukanusha uongo huo, mpaka baraza la wazee wa mahakama mwaka 2016 lilipotamka kwamba waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Jaji Taylor, aliyechunguza janga lile, aliandika mwaka 1990 kwamba ripoti yake ilikuwa ya tisa ya aina hiyo. Ya tisa! Ya kwanza ilikuwa ile ya Shortt, iliyozaliwa na fainali ya farasi. Sheria yenyewe ya kutaka viwanja vikubwa viwe na leseni ya usalama ilikuja 1975, baada ya watu 66 kufa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971. Miaka 51 tangu ripoti ya kwanza. Kila mara somo lilikuwa mezani, na kila mara lilisubiri maiti ndipo lisomwe.

Naandika haya nikiwa Afrika Mashariki, na sina haki ya kuwacheka Waingereza. Oktoba 2010 uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu saba walikufa kwenye msongamano wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mei 2023, Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa katika kusukumana kuingia. Waulize mashabiki kumi wa siku ile matokeo yalikuwaje, wote watakwambia 2-1, tena na dakika za magoli. Waulize kuhusu aliyekufa.

Sisi waandishi tuna mchango wetu katika usahaulifu huo. Goli lina mfungaji, lina dakika, lina picha. Geti lina nini? Geti lina upana, lina idadi ya askari, lina saa lilipofunguliwa. Ni habari kavu, inayohitaji kupiga simu kwa watu wasiopokea, na mhariri ataikata kwanza nafasi ikibana. Lakini ndiyo habari ambayo ingemsaidia mtu wiki ijayo.

Yule mzee wa mikono kifuani sikuwahi kumwona tena. Tulipoingia ndani alijipangusa vumbi, akaokota kofia yake, akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu niko sawa, shikamoo mzee, asante. Akacheka, akasema, "Marahaba. Kila mwaka ni hivihivi, mwanangu." Kisha akaenda kutafuta pa kukaa.

Kila mwaka ni hivihivi. Hiyo ndiyo sentensi niliyopaswa kuanza nayo habari yangu usiku ule. Nilikuwa nayo kwenye daftari.